Hamira Ndani ya Maji ya Sabuni: Shajara ya Mradi, Februari hadi Mei

Februari 10

Leo nimekabidhiwa ufunguo wa kabati la kemikali, kwa hiyo naihesabu kuwa siku ya kwanza ya mradi. Swali lenyewe ni fupi. Hamira ikikutana na safaktanti kwa kiasi kidogo kisichoiua, jeni zipi zinapanda na zipi zinashuka? Na je, mwitikio huo unaweza kutuonya mapema, kabla dhara lenyewe halijaonekana?

Safaktanti ndiyo inayoifanya sabuni iwe sabuni. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu unaopenda mafuta. Kwenye nguo, mkia hujichomeka kwenye mafuta ya uchafu na kuyang'oa. Kwenye seli hai, mafuta ya kwanza kukutana nao ni ya utando wa seli, na mkia hautofautishi utando na uchafu wa kola ya shati.

Nimechagua tatu. SDS (sodiamu dodesili salfeti), inayofahamika kuliko zote maabara. LAS, ambayo ndiyo nguvu ya sabuni nyingi za unga, na pia ya sabuni ya maji inayokorogwa kwenye ndoo huku mitaani kwetu. Hizi mbili vichwa vyao vina chaji hasi. Ya tatu ni Tween 80, isiyo na chaji, inayotiwa hata kwenye vyakula na dawa.

Hamira nimeichagua kwa sababu inasomeka. Ndiyo kiumbe wa kwanza mwenye kiini ndani ya seli kusomwa jenomu yake yote, mwaka 1996: kromosomu 16, herufi karibu milioni 12, jeni karibu 6,000, na nyingi kati ya hizo kazi yake inajulikana. Jeni ikipanda, mara nyingi unaweza kujua seli inalalamikia nini. Samaki au kaa wa mikoko angetusogeza karibu zaidi na mto, lakini asingetuambia kwa ufasaha huo.

Februari 13

Jioni nimepita kwa shangazi, Kigogo. Anakoroga sabuni ya maji uani kwake na kuiuza kwa lita. Malighafi anafuata Kariakoo. Nilimkuta kwenye kigoda, mwiko mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo kwanza, ndiyo natia chumvi."

Nikakaa, nikatazama. Salfoniki, asidi inayozaa LAS, alikuwa ameshaizimua kwa soda ashi, slesi, safaktanti nyingine, imeshayeyuka, na ndani ya ndoo mlikuwa na kitu chepesi kama maji ya kuoshea mchele. Akayeyusha chumvi pembeni kwenye bakuli, akawa anaimimina kidogo kidogo huku anakoroga upande mmoja. Kijiko cha tatu, mwiko ukaanza kuwa mzito. Cha nne, alipounyanyua, sabuni ilining'inia kama asali, ikarefuka, ikakatika taratibu. Akaacha papo hapo. Nikamuuliza mbona haongezi.

"Ukizidisha inakukimbia, inarudi kuwa maji. Hapo hata uweke nini hairudi."

Nimeandika maneno yake kwenye daftari kwa sababu ndiyo kemia ninayoihitaji. Ndani ya maji matupu molekuli za SDS huelea moja moja mpaka zifike karibu milimola 8, yaani asilimia 0.23 hivi. Hapo huanza kujikusanya kuwa vifundo, mikia ndani, vichwa nje. Vifundo hivyo huitwa miseli. Chumvi hupunguza msukumano wa vile vichwa vyenye chaji, kwa hiyo miseli hutokea mapema zaidi. Kwenye slesi vifundo hurefuka kuwa kama nyuzi zinazosokotana, na ndoo nzima inakuwa nzito. Chumvi ikizidi, nyuzi hubadilika umbo na uzito unapotea.

Lishe ya hamira nayo imejaa chumvi za madini. Hiyo 8 iliyoandikwa vitabuni, basi, kwenye flaski zangu itakuwa chini zaidi, na ninapopanga dozi nikumbuke hilo.

Maji ya kusuuzia ndoo aliyamwaga mtaroni. Mtaro ule unaelekea Msimbazi, na Msimbazi unamwaga Bahari ya Hindi pale Daraja la Selander. Hii ndiyo sababu iliyonifanya niombe mradi huu badala ya ule wa viazi niliokuwa nimepangiwa.

Februari 17

Umeme umekatika saa nne hadi saa tisa. Hakuna kilichofanyika zaidi ya kuosha vyombo na kuandika lebo.

Februari 20

Siku ya kwanza ya vipimo, na fumbo la kwanza.

Nilipanga dozi tano za SDS, kuanzia asilimia 0.0025, nikawa naongeza maradufu hadi 0.04. Lishe nilizitengeneza jana, nikaziweka kwenye friji. Asubuhi, kabla ya kutia hamira, nikapima ukungu wa kila chupa, yaani jinsi lishe inavyozuia mwanga, kipimo cha wingi wa seli, ili nipate sifuri yangu. Chupa ya asilimia 0.04 ikasoma kama kwamba tayari ina hamira ndani. Nikadhani imeingia vimelea usiku. Nikaipeleka dirishani, nikaitikisa polepole kwenye jua. Ndani mlikuwa na vipande vyembamba vinavyometameta, kama magamba ya dagaa, vinageuka na kuzama. Nikaikumbatia ile chupa viganjani dakika kadhaa. Vingi vikapotea, vingine vikabaki.

Si vimelea. Lishe hii ina fosfeti ya potasiamu, gramu moja kwa lita, na SDS ikikutana na potasiamu hutengeneza chumvi isiyoyeyuka vizuri, hasa kwenye baridi. Kama nisingeitazama kwa macho, ningeandika makosa mawili kwa mkupuo: seli ambazo hazipo, na dozi kubwa kuliko iliyobaki majini kweli.

Nimefuta 0.04 na 0.02. Zinabaki 0.01, 0.005 na 0.0025. Lishe yenye SDS haitaingia friji tena. SDS itatiwa mwisho kabisa, lishe ikiwa tayari kwenye nyuzi joto 30. Fundi wa maabara aliniuliza kwa nini nisitumie ile lishe ya kawaida ya peptoni, ambayo ni rahisi na inakuza haraka. Vipande vya protini vilivyomo kwenye peptoni huikamata SDS na kuishikilia, kwa hiyo nisingejua hamira imepata kiasi gani. Nabaki na lishe hii ya kuhesabika, ingawa inanilazimu kuipimia hamira yangu histidini, leusini, methionini na urasili, maana nasaba yangu ya maabara, BY4741, haiwezi kujitengenezea hivyo vinne. Triptofani inaweza kujitengenezea, lakini nayo nitaipima kwa uzito uleule kila mara: utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba triptofani huiongezea hamira ustahimilivu dhidi ya SDS.

Februari 27

Flaski mbili, dozi ileile ya asilimia 0.01, joto lilelile. Moja nilianza na hamira chache, ukungu wa 0.1, nyingine ukungu wa 0.8. Asubuhi ya leo ya kwanza ilikuwa karibu vilevile nilivyoiacha. Ya pili ilikuwa nzito kama uji.

Nilishangaa kwa dakika tano, kisha nikaona nilipaswa kulitegemea. Safaktanti haibaki majini tu, inaingia kwenye utando wa seli. Seli zikiwa nyingi zinagawana. Sufuria ni lilelile, walaji wameongezeka, na hapa kinacholiwa ni sumu. Kumbe kuandika "asilimia 0.01" peke yake hakumwambii msomaji dozi iliyoipata kila seli. Kuanzia leo kila jaribio linaanza kwenye ukungu wa 0.3, na idadi ya seli inaandikwa pembeni ya dozi. Nimerudi kwenye makala nilizosoma Januari kuangalia nani aliiandika. Wachache kuliko nilivyotarajia.

Machi 6

Mikunjo ya ukuaji, michoro ya ukungu unavyopanda kwa saa, imekamilika, marudio matatu.

Tatizo la wiki hii lilikuwa povu. Mashine ikitikisa kwa kasi ya mizunguko 200 kwa dakika, povu linapanda hadi kwenye kizibo cha pamba na kubeba seli nazo. Ukichota katikati ya flaski unapata lishe yenye hamira pungufu, halafu unaandika kwamba hamira imeacha kukua. Nimepunguza kasi hadi 120, nikapunguza ujazo hadi moja ya tano ya flaski ili hewa isipungue, na kabla ya kila kipimo nazungusha flaski kwa mkono mpaka povu lirudi chini.

Matokeo: kwenye 0.0025 mstari unalingana kabisa na ule wa kulinganishia, usio na SDS. Kwenye 0.005 hamira inachelewa kidogo saa la kwanza, kisha inashika mwendo. Kwenye 0.01 inakua polepole waziwazi, ila inaishi; nilizipanda kwenye sahani na zikatoa makoloni.

Dozi kuu itakuwa 0.005, yaani milimola 0.17. Hiyo iko chini sana ya mahali miseli zinapoanza hata ukihesabu chumvi za lishe, kwa hiyo chochote nitakachokiona kinatokana na molekuli zinazoelea moja moja. Na kwa kuwa ukuaji unakaribia kuwa wa kawaida, jeni zikibadilika nitakuwa nimepata kile nilichokuja kukitafuta.

Machi 13

Kifurushi cha kutoka nje kimefika, baada ya siku sita za kukaa stoo ya wakala kwenye joto la Dar es Salaam bila mtu kutupigia simu. Praima, vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili jeni, huja zikiwa zimekaushwa, hizo joto haliziwezi. Kimeng'enya cha kugeuza RNA (nakala ambazo jeni hutoa ikiwashwa) kuwa DNA ndicho kinachoniumiza. Barafu kavu ilikuwa imekwisha kabisa. Nimekijaribu kwa RNA ya zamani, hakifanyi kazi. Tumeagiza kingine kwa fedha zilizokuwa za marudio ya Tween 80.

Machi 19

Kutoa RNA kwenye hamira ni kazi ya nguvu. Ukuta wake ni mgumu, kwa hiyo tunatumia fenoli ya moto, nyuzi joto 65, na kutikisa kila baada ya dakika. Bafa yenyewe, yaani kimiminika cha kutolea RNA, ina SDS ndani yake, ndiyo inayosaidia kupasua seli. Niliiandika hii kama jambo la kawaida tu. Sikujua kwamba itanirudia.

Mistari miwili ya RNA za ribosomu, 25S na 18S, imetokea mikali kwenye jeli. Nikafurahi. Kisha nikapima ACT1, jeni niliyoichagua kuwa rejea ya kulinganishia nyingine. Jeni hiyo ina introni, kipande kinachokatwa RNA inapokomaa, ya herufi karibu 300 mwanzoni mwake, na praima zangu zinashika pande zake zote mbili. Ukiwa na RNA safi unapata kipande kifupi tu, kwa sababu introni imeshakatwa. Mimi nimepata viwili, kifupi na kirefu. Kirefu ni DNA ya kromosomu iliyosafiri pamoja na RNA.

Bahati yangu nilianza na ACT1. Jeni nyingi za hamira hazina introni kabisa, na zile ninazozitaka hazinazo. Kwenye hizo DNA na RNA zingetoa kipande kilekile na nisingetambua. Sasa kila sampuli inapita kwenye DNase, kimeng'enya kinachokatakata DNA, na kila sampuli ina pacha wake asiyetiwa kimeng'enya cha kugeuza. Pacha akitoa ishara, sampuli inatupwa.

Machi 28

Wiki nzima ya matokeo nimeyafuta leo. Nitaandika kwa kirefu kwa sababu mwanafunzi atakayefuata atakutana nalo.

Kimeng'enya kipya kilifika salama. Nikapima jeni sita kwenye sampuli kumi na mbili. Picha ilikuwa ya kuvutia: jeni nyingi zimeshuka, nyingine sana, na mwenzangu wa meza ya pili tayari alikuwa anasema SDS inazima jeni za hamira. Kilichonitia shaka ni kwamba sampuli mbili za kulinganishia, ambazo hazikuguswa na SDS flaskini, nazo zilikuwa zimeshuka.

PCR, njia ya kunakili DNA tena na tena ili ipimike, ina mtihani rahisi. Kila mzunguko unaongeza DNA maradufu, kwa hiyo ukiipunguza sampuli mara kumi, ishara inapaswa kuchelewa kwa mizunguko 3.3. Nikazipunguza. Sampuli nzuri zilichelewa 3.3, 3.4. Zile mbaya zilichelewa 1.9, moja 1.6. Maana yake ndani ya tyubu kulikuwa na kitu kinachokizuia kimeng'enya, na nilipopunguza sampuli nilikipunguza na kile kizuizi.

Kizuizi ni SDS. Haikutoka flaskini, ilitoka kwenye bafa yangu mwenyewe ya kutolea RNA. Nilikuwa naiangusha RNA kwa ethanoli na asetati ya sodiamu kwenye barafu, kisha naiosha kwa ethanoli ya asilimia 70 iliyotoka friza. Kwenye baridi hiyo SDS inaanguka pamoja na RNA na kubaki chini ya tyubu. Nilipotazama vizuri, tonge la chini lilikuwa jeupe na kubwa kuliko linavyopaswa kuwa. RNA safi huonekana kama alama ya kucha tu, wakati mwingine huioni kabisa. Tonge kubwa nililifurahia Machi 19 nikidhani nimepata RNA nyingi. Kosa ni langu, nililitazama na sikulihoji.

Utaratibu mpya: kloridi ya sodiamu badala ya asetati, kwa sababu ikiwepo hiyo SDS hubaki imeyeyuka ndani ya ethanoli, na kuosha mara mbili kwa ethanoli ya asilimia 70 ya joto la chumba. Kila sampuli itapita mtihani wa kupunguza mara kumi kabla namba yake haijaandikwa popote.

Katika mradi wa sabuni, sabuni inaweza kuwa imeibadilisha seli, au imeibadilisha mashine. Kwenye skrini vyote viwili vinafanana.

Aprili 4

Kikao na msimamizi. Aliuliza swali moja tu lililonishika.

"ACT1 umeichagua kuwa jeni ya rejea kwa sababu gani?"

"Kwa sababu karibu kila mtu anaitumia, Mwalimu."

"Na SDS inafanya nini kwenye ukuta na kiunzi cha seli?"

Sikuwa na jibu la kusimama nalo. ACT1 ndiyo inayotengeneza aktini, nguzo za ndani ya seli, na ukuta wa hamira ukisumbuliwa kiunzi cha aktini husambaratika na kupangwa upya. Haifai kuwa rula wakati nashuku kwamba inavutwa na kile ninachokipima. Nahamia jeni za ALG9 na TAF10, ambazo zimepimwa na watu katika hali nyingi na kuonekana zimetulia. ACT1 inabaki kwa kazi ya kukamata DNA.

Aprili 11

SDS, asilimia 0.005, marudio mawili kati ya matatu. Namba zote zimepita mtihani wa kupunguza.

Baada ya dakika 30, CRH1 imepanda kwa karibu mizunguko miwili, yaani mara nne hivi. FKS2 imepanda pia, zaidi ya mara tatu. PDR5, ile pampu inayotapika sumu nje ya seli, imesogea kidogo tu, na siwezi kuapia. Baada ya dakika 120 CRH1 na FKS2 zimeshuka karibu na kawaida, na hamira inakua kama vile hapakuwa na jambo.

Hizi si jeni za kubahatisha. FKS2 inatengeneza kimeng'enya cha kufuma glukani, uzi mkuu wa ukuta wa hamira. CRH1 inaunganisha kitini na glukani, kama mtu anayefunga fito za boma. Zote mbili zinaamshwa na njia moja: vihisio vilivyo juu ya seli, Wsc1 na Mid2, vinahisi mvutano, vinamwamsha protini aitwaye Rho1, Rho1 anamwamsha Pkc1, ujumbe unapokezanwa mpaka kwa Slt2, na Slt2 anawafikia wawashaji wa jeni walio ndani ya kiini: Rlm1 kwa CRH1, Swi4 na Swi6 kwa FKS2. Ukisoma mpangilio huo ukiwa na karatasi ya matokeo mkononi unaiona seli inakarabati nyumba.

Kwa hiyo kwenye dozi ambayo mkunjo wa ukuaji haukuonyesha zaidi ya kusita kwa saa moja, hamira ilikuwa imeita mafundi na imewarudisha makwao. Mwenye kupima ukuaji tu angesema hakuna kilichotokea. Na mwenye kuchota sampuli baada ya saa mbili tu angesema vivyo hivyo. Nimekaa na karatasi hii mpaka mlinzi akaja kuzima taa.

Aprili 17

Rudio la tatu limekataa kukubaliana na wenzake. HSP12, jeni ya dhiki ya jumla, imepanda sana kila mahali, hata kwenye flaski zisizo na SDS.

Nimeuliza, nikaambiwa kiyoyozi cha chumba cha mashine kilizimika tangu usiku wa kuamkia jana. Kipimajoto cha ukutani kilikuwa kinasoma 35 nilipofika. Mashine ya kutikisa inaweza kuongeza joto, haiwezi kulipunguza chini ya joto la chumba. Hamira inapenda 30. Ukiisogeza kuelekea 37 inawasha jeni zake za dhiki ya joto. Kwa miji ya baridi hili halimpi mtu shida, kwetu ni la kuandikwa kwenye mbinu. Rudio limefutwa, nitalirudia. Nimenunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya mashine yenyewe, na HSP12 itapimwa kila mara kama mlinzi wa mlango: ikipanda kwenye kundi la kulinganishia, hakuna haja ya kusoma mengine.

Aprili 25

Rudio la tatu la SDS limekubali. CRH1 na FKS2 ziko palepale.

LAS: nimeitengeneza kutoka kwenye asidi yake, ileile salfoniki, kwa kuizimua taratibu na soda kostiki mpaka pH 7. Hii ni mchanganyiko wa mikia ya urefu tofauti, kaboni 10 hadi 13, kwa hiyo naipima kwa uzito. Kuna jambo la historia hapa: mpaka miaka ya 1960 sabuni za unga zilitumia mkia wenye matawi, ambao bakteria hawakuweza kuula, na mito ya Ulaya na Marekani ikafunikwa na povu. Mkia ulionyooka ukachukua nafasi yake kwa sababu unaoza. Unaoza pale penye hewa na bakteria wa kutosha, na muda.

Kwa uzito uleule LAS imeisumbua hamira yangu zaidi ya SDS. Asilimia 0.005 ilipunguza ukuaji waziwazi, nikalazimika kushuka hadi 0.002. Kwenye dozi hiyo CRH1 na FKS2 zimepanda, njia ileile. Marudio mawili tu hadi sasa.

Mei 5

Tween 80, asilimia 0.1, mara ishirini ya dozi ya SDS. Ukuaji: hakuna tofauti. CRH1 na FKS2: zimelala. Nilikuwa karibu kufunga ukurasa, lakini msimamizi alishanisihi niiongeze OLE1, na OLE1 imeshuka vibaya, hadi chini ya robo.

Kwa haraka ungeandika kwamba Tween 80 inazima jeni ya mafuta ya utando. Ni kweli imeshuka, ila sababu ni nyingine kabisa. Mkia wa Tween 80 ni asidi ya oleiki, na OLE1 ndiyo jeni inayoiwezesha hamira kujitengenezea mafuta ya aina hiyo. Hamira ikiyapata nje, inaizima OLE1 kwa kuwa haina haja ya kupika kilichokwisha kuletwa. Ndiyo maana watafiti huipa hamira Tween 80 na ergosteroli inapokua pasipo hewa, mahali ambapo haiwezi kujitengenezea hivyo viwili. Huu si msukosuko, ni chakula kimefika.

Jeni imebadilika mara tatu katika mradi huu na kila mara kwa maana yake: ukarabati kwa SDS na LAS, joto la chumba siku ya kiyoyozi, na mlo kwa Tween 80. Kwenye jedwali zote zinaandikwa kwa mshale wa juu au wa chini. Nimeamua ripoti haitakuwa na jedwali la mishale peke yake. Kila jeni itaandikiwa sentensi yake.

Mei 12

Shangazi ameuliza kama apunguze salfoniki. Nilimwambia ninachojua: ndoo yake ina safaktanti kali kuliko flaski zangu mara mamia, maji ya kusuuzia yanapungua nguvu kila yanapochanganyika, na mimi sijapima maji ya mtaro wala ya mto, nimepima hamira ndani ya flaski. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema maji ya suuzo la kwanza atakuwa anayatumia kuoshea sakafu na choo badala ya kuyamwaga, maana hata hivyo ni sabuni aliyoinunua. Nilimwomba chupa ya hayo maji. Amenipa ya nusu lita, iko mezani kwangu, imeandikwa tarehe.

Mei 15

Leo nimetoa sahani kwenye inkubeta. Jaribio lilikuwa la kuuliza kama njia ya Slt2 ndiyo kweli inayoiokoa hamira, au jeni zile zinapanda tu pembeni. Safu ya juu ni hamira ya kawaida, safu ya chini ni hamira isiyo na jeni ya SLT2. Matone matano kila safu, kila tone limepunguzwa mara kumi kutoka kwa lililotangulia.

Sahani isiyo na SDS: safu zote mbili zimejaa hadi tone la tano. Sahani ya SDS: safu ya juu ina matone manne mazito na la tano lina makoloni saba niliyoyahesabu kwa ncha ya kalamu. Safu ya chini ina doa moja hafifu la kwanza, la pili lina makoloni mawili madogo kama chembe za sukari, kisha agari tupu inayong'aa. Sahani ya tatu ina SDS ileile pamoja na sorbitoli mola 1, ambayo inapunguza msukumo wa maji kwenye ukuta. Hapo safu ya chini imerudi hadi tone la nne.

Nimezipiga picha zote tatu kwenye mwanga wa dirisha. Kesho naanza kupunguza maji ya shangazi mara mia, mara elfu na mara elfu kumi, ukungu wa 0.3, nyuzi joto 30, CRH1 kwa dakika ya 30.